Dume Asiye na Pembe, Ndama Mwekundu na Mahindi ya Shule: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka pande nyingi, lakini nyingi zinauliza jambo moja: mnyama au mmea huu amebeba nini ndani yake, kitu ambacho macho hayakioni? Nimezipanga pamoja. Ndefu nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha.

Shikamoo mama. Sisi ni kikundi cha wafugaji wa maziwa huku Rungwe. Tumechanga fedha tukanunua dume chotara wa Friesian asiye na pembe. Aliyetuuzia anasema ndama wake wote watazaliwa bila pembe, na bei akaipandisha kwa sababu hiyo. Ng'ombe wetu karibu wote wana pembe na wanaumizana sana bandani. Tutajuaje kama anasema kweli? – Katibu wa kikundi, Rungwe

Marahaba mwanangu, nisalimie wenzako wote. Njia ya kujua ipo, na nusu ya vifaa vyake mnavyo tayari zizini. Ni hao hao ng'ombe wenu wenye pembe.

Kila ng'ombe ana nakala mbili za jeni inayoamua habari ya pembe, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Jeni ya kutokuwa na pembe, tuiite P kubwa, ndiyo tawala: nakala moja tu ikiwepo, pembe hazioti. Jeni ya pembe, p ndogo, ni fiche: inaonekana pale tu nakala zote mbili zikiwa p. Kwa hiyo ng'ombe mwenye pembe hana siri, yeye ni pp na hawezi kuwa kitu kingine. Lakini dume wenu, kwa kumtazama tu, anaweza kuwa PP au Pp. Wote wawili wana kichwa laini, wote wawili wanauzika kwa maneno yale yale, na hata mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka mingi akimpapasa kipajani mara nyingi hatawatofautisha.

Kabla ya jaribio lolote, mtafuteni aliyewauzia mkamwulize swali moja: mama yake dume huyu alikuwa na pembe? Kama alikuwa nazo, msihangaike zaidi. Mama mwenye pembe ni pp, na hana cha kumpa mwanawe isipokuwa p. Dume wenu atakuwa Pp kwa uhakika kamili, na yule bwana amewauzia ahadi isiyotimizika. Ulizeni vilevile habari za baba, kwa sababu baba mwenye pembe naye hutoa jibu lile lile. Mara nyingi nimeona watu wakisubiri mwaka mzima kupata jibu ambalo lingepatikana kwa simu moja.

Mtazameni pia dume mwenyewe mahali ambapo pembe zingeota. Kama ana vijipembe vidogo vinavyochezacheza chini ya ngozi bila kushikana na fuvu, hiyo ni dalili kubwa kwamba ni Pp, maana vijipembe vya aina hiyo huonekana zaidi kwa wenye nakala moja.

Kama wazazi hawajulikani, labda alinunuliwa mnadani na kuuzwa tena, ndipo mnafanya upandishaji wa kupima. Mpandisheni kwa majike wenye pembe peke yao. Kila jike atatoa p, kwa sababu hana kingine. Kwa hiyo sura ya ndama itaonyesha moja kwa moja kile alichotoa baba. Baba akiwa PP, kila ndama atakuwa Pp na hatakuwa na pembe. Baba akiwa Pp, kila ndama ni sawa na shilingi iliyorushwa juu, nusu kwa nusu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kwenye hesabu, maana hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Ndama wa kwanza akizaliwa bila pembe, msishangilie. Dume Pp naye anaweza kutoa ndama huyo, kwa nafasi ya moja kati ya mbili. Wa pili, nafasi ya wote wawili kukosa pembe kwa bahati tu ni robo. Wakifika watano mfululizo ni moja kati ya 32, yaani kama asilimia 3. Wakifika saba ni moja kati ya 128, chini ya asilimia 1. Mimi ningeomba saba. Kikundi chenu kina majike wa kutosha kuwapata katika msimu mmoja wa kuzaa, na hiyo ndiyo faida ya kumiliki dume kwa pamoja. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili angesubiri miaka mitatu au minne.

Upande wa pili hauhitaji hesabu kabisa. Ndama mmoja tu akiota pembe, kesi imekwisha: dume ni Pp. Hata wakizaliwa ishirini baadaye bila pembe, hawafuti alichosema huyo mmoja. Ndama mmoja anaweza kumtia dume hatiani milele, lakini hakuna idadi ya ndama inayomsafisha kwa asilimia mia. Inapunguza shaka tu, hadi inakuwa ndogo kiasi cha kutoifikiria.

Ndiyo maana lazima muwe wakali na kumbukumbu. Kwanza, jike anayeingia kwenye jaribio awe na pembe zake mwenyewe zinazoonekana. Ng'ombe aliyechomwa vichipukizi vya pembe akiwa ndama anaonekana hana pembe, na mwenye kumnunua baadaye hajui. Huyo yu pp kwa asili na angefaa, ila kwa kuwa hamna uhakika naye, mwacheni nje. Pili, majike wasio na pembe kwa asili msiwahesabu kabisa. Jike Pp akipandwa na dume Pp, ndama watatu kati ya wanne hawatakuwa na pembe, na mtahitaji ndama 17 hivi kupata uhakika ule ule mnaoupata kwa saba. Tatu, na hili ndilo linaloharibu majaribio mengi vijijini, hakikisheni baba ni huyo huyo. Dume wa jirani akiruka uzio usiku mmoja, ndama wake mwenye pembe ataandikwa kwenye jina la dume wenu. Andikeni tarehe ya kupanda, na mhesabu siku zipatazo 280 hadi kuzaa. Tarehe zikipishana kwa wiki tatu, huenda jike alirudi joto akapandwa na mwingine.

Msimhukumu ndama siku aliyozaliwa. Papaseni kichwa wiki hadi wiki, na mwandike jibu akiwa na miezi miwili au mitatu. Vichipukizi vya pembe vikikua hushikana na fuvu. Vikibaki vinachezacheza, si pembe kamili.

Na ikithibitika kwamba ni Pp, msimchinje kwa hasira. Kwa majike wenu wenye pembe, nusu ya ndama wake hawatakuwa na pembe, na hiyo ni nusu ya kazi ya chuma cha moto mmeiepuka. Bei ndiyo mliyodanganywa. Safari nyingine andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu ya malipo itatolewa baada ya ndama wa saba.

Salamu mama kutoka Nyandarua. Ng'ombe wangu wa gredi, Friesian mweusi na mweupe, alipandishwa kwa mrija. Picha ya dume kwenye katalogi ilikuwa nyeusi na nyeupe. Amezaa ndama mwekundu na mweupe! Majirani wanasema mhimilishaji aliweka mbegu ya Ayrshire akala tofauti ya pesa. Sijamlipa salio lake. Nifanye nini? – Mfugaji, Nyandarua

Mlipe, mwanangu.

Kwa Friesian rangi nyeusi ni tawala na nyekundu ni fiche. Ng'ombe wako mweusi anaweza kubeba nakala moja ya wekundu maisha yake yote bila unywele mmoja mwekundu kuonekana. Dume naye vivyo hivyo. Wakikutana wawili wa namna hiyo, ndama mmoja kati ya wanne huwa mwekundu. Wako ndiye huyo.

Tazama ulichokipata bila kukusudia. Ndama mwekundu lazima awe amepokea nakala moja nyekundu kutoka kila upande, hivyo amekupa jenotaipu ya mama yake, yaani nakala mbili za jeni alizobeba, kwa uhakika. Kuanzia leo unajua jike wako amebeba wekundu. Hukuhitaji kumpima zaidi, na hata akizaa weusi watupu baada ya hapo, hilo halibadiliki.

Kuhusu dume, rudi kwenye katalogi usome maandishi, achana na picha. Madume weusi wa Holstein waliothibitika kubeba wekundu huandikiwa herufi RC karibu na jina. Ukizikuta, mambo yamekwisha. Madume hao walijulikana zamani kwa njia ile ile niliyowaeleza watu wa Rungwe: walipandishwa kwa majike wekundu, na ndama mwekundu wa kwanza akatoa siri. Siku hizi kipimo cha DNA kwa tone la damu au mizizi ya nywele hutoa jibu bila kusubiri mimba.

Sitaki hata hivyo uamini kwamba rangi inamsafisha mhimilishaji kwa kila kitu. Rangi inasema tu kwamba ndama huyu angeweza kutoka kwa dume yule. Ushahidi wa mbegu gani iliyotumika ni namba iliyoandikwa kwenye mrija wenyewe. Dai mrija mtupu kila anapopandisha, uuhifadhi pamoja na kadi ya ng'ombe. Mtu mwaminifu atafurahi kukupa.

Na huyo ndama mtunze. Wekundu haupunguzi maziwa hata kikombe kimoja. Akikua, mtamba mwekundu ni hazina kwa wafugaji wa jirani wenye dume mweusi wasiyemjua, maana kwake hakuna kinachojificha kwenye rangi hiyo. Msubiri tu amwage manyoya ya utoto kabla hujamwandika, kwa sababu wapo wachache wanaozaliwa wekundu kisha wakageuka weusi.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha nne, Dodoma. Tumefundishwa jaribio la kupandisha kiumbe kisichojulikana na chenye jeni fiche mbili, lakini ni kwenye ubao tu. Shule haina maabara ya kufuga inzi wa matunda. Ninaweza kulifanya kwa kitu gani nikaliona kwa macho? Na je, ni lazima chenye jeni fiche? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa furaha. Maabara yako ni shamba la mahindi, na kwa jaribio hili mahindi ni bora kuliko inzi.

Nianze na swali la mwisho. Ndiyo, ni lazima. Ukimpandisha asiyejulikana na mwenzake mwenye jeni tawala, mwenzake atafunika kila kitu, na watoto watafanana hata kama siri ipo. Anayepima lazima awe hana cha kufunika. Usichanganye pia na kumrudisha mtoto kwa mzazi wake. Mzazi huyo akiwa na jeni fiche mbili, majaribio mawili yanakuwa jambo moja. Akiwa na jeni tawala mbili, umepata watoto wa sura moja tu na hujapima kitu. Kwenye mtihani wengi hupoteza alama hapo.

Sasa shambani. Punje ya njano ni tawala juu ya punje nyeupe. Umeshaona, bila shaka, gunzi la mahindi meupe ya ugali lenye punje chache za njano zilizotawanyika. Watu husema mbegu imechakaa. Kilichotokea ni kwamba chavua ya mahindi ya njano ilipeperuka kutoka shamba la jirani ikatua kwenye ndevu za hindi hilo. Kila uzi wa ndevu unakwenda kwenye punje yake, na kila punje ni mtoto wa peke yake, mwenye baba yake. Na rangi ya punje inaonekana msimu huo huo, kwa sababu sehemu ya wanga iliyo ndani ya punje nayo hupokea jeni kutoka kwenye chavua. Huhitaji kuipanda ili uone.

Fikiria maana yake kwa hesabu. Watu wa Rungwe watasubiri karibu mwaka mzima kupata ndama saba. Wewe gunzi moja litakupa watoto mia kadhaa, wamejipanga kwa mistari, tayari kuhesabiwa.

Fanya hivi. Tafuta gunzi jeupe lenye punje chache za njano, na uzing'oe hizo za njano. Jenotaipu yake unaweza kuikisia kwa akili hata kabla ya kupanda: tuiite jeni ya njano Y kubwa na ya nyeupe y ndogo; mama alikuwa mmea mweupe, yy, kwa hiyo kila punje ya njano hapo lazima iwe Yy. Panda punje hizo pembeni. Panda pia mahindi meupe ya mbegu safi, na kama unaweza kupata, mahindi ya njano ambayo kwa miaka hayajawahi kutoa punje nyeupe. Hayo meupe ndiyo ya kupimia. Yakianza kuchipua kichwa cha hindi ubavuni, kifunike kwa mfuko wa kaki kabla ndevu hazijatoka hata uzi mmoja. Ukichelewa siku moja, upepo wa Dodoma umeshafanya kazi yake na hesabu yako haina maana. Mbelewele za mmea unaoupima zifunike jioni kwa mfuko mwingine, asubuhi zikung'ute chavua ianguke ndani, kisha uimwage juu ya ndevu zilizokomaa na ufunike tena haraka. Andika kwenye mfuko kwa kalamu ya risasi: nani baba, tarehe gani. Usitumie chavua ya baba wawili kwenye gunzi moja.

Ukivuna, baba aliyekuwa Yy atakupa gunzi lenye punje nyeupe na za njano karibu sawasawa. Baba YY atakupa gunzi la njano tupu. Usishtuke njano hiyo ikiwa hafifu kuliko ya mahindi ya dukani. Sehemu ya wanga ya punje ina nakala tatu za jeni, mbili za mama na moja ya baba, na hapa mama ametoa nyeupe mbili.

Hesabu punje zote, za gunzi zima, hata zile ndogo za nchani. Usitarajie nusu kamili. Gregor Mendel, mtawa wa Brno katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech, alifanya kazi yake ya njegere kati ya 1856 na 1863 na kuichapisha 1866. Alichukua njegere chotara za duara na njano, akazipandisha na zenye mikunjo na rangi ya kijani, yaani zenye jeni fiche kwa sifa zote mbili. Alipata 55 za duara na njano, 51 za duara na kijani, 49 zenye mikunjo na njano, na 53 zenye mikunjo na kijani. Jumla 208. Kama kila aina ingekuwa robo kamili, ingekuwa 52. Hakuna hata moja iliyogonga 52, lakini zote zimeizunguka kwa karibu, na hiyo ndiyo hesabu ya kweli inavyokuwa. Mwanafunzi anayeniletea nusu kamili kwenye punje 400 nitamwomba anionyeshe gunzi.

Shikamoo bibi. Nafuga mbuzi wa maziwa Mgeta, wale wa Norwei. Nina beberu asiye na pembe na majike wawili bora wasio na pembe, wote wameshazaa. Nataka zizi lote liwe bila pembe. Nimpimeje beberu nijue ana nakala mbili? Jingine: kitoto kimoja kilichozaliwa kinaonekana jike lakini kinakojoa kwa namna ya ajabu, na uke wake una kijinyama kirefu. – Mfugaji, Mgeta

Marahaba mjukuu wangu. Ningekuomba uachane na mpango huo leo, kabla ya msimu ujao wa kupandisha.

Kwa mbuzi nako kutokuwa na pembe ni tawala. Lakini jeni hiyo hiyo, jike akiipokea nakala mbili, humharibu via vya uzazi. Anakuwa huntha: kwa urithi ni jike, kwa maumbile yuko katikati, na hazai. Beberu mwenye nakala mbili huwa na sura ya kawaida, ila baadhi yao mirija ya mbegu huziba wakawa tasa. Jambo hili wafugaji wa Ulaya walilijua kwa macho muda mrefu, na mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha chanzo chake: kipande cha DNA chenye herufi zaidi ya elfu kumi kimepotea, na kukosekana kwake kunavuruga jeni za jirani zinazojenga ovari.

Kitoto chako kina dalili zote za huntha. Mwonyeshe afisa mifugo athibitishe, lakini usimtunze kwa matumaini ya maziwa.

Sasa ona jinsi jibu lilivyo mbele yako. Majike wako wawili hawana pembe na wameshazaa. Jike mwenye nakala mbili hazai. Basi wote wawili ni Pp, bila jaribio lolote. Beberu wako, kama ndiye baba wa huyo huntha, ametoa P, na hilo tulilijua. Ukitaka kujua kama ana nakala ya pili, unaweza kumpandisha kwa majike wenye pembe ukahesabu kama watu wa Rungwe, na vitoto vyote vitakuwa salama. Lakini utafanya nini na jibu? Akiwa PP, kila unapompandisha kwa jike wa Pp nusu ya vitoto ni PP, na majike wote wa nusu hiyo ni huntha tupu. Akiwa Pp, ni robo ya vitoto.

Zizi zima lisilo na pembe halipatikani kwa mbuzi. Kanuni ya kufuata ni nyepesi: katika kila upandishaji, mmoja awe na pembe. Tafuta beberu mzuri mwenye pembe kwa hao majike wako wawili. Watakaozaliwa na pembe, wachome vichipukizi katika wiki ya kwanza au ya pili, na usimchague mtoto kwa kichwa chake. Mchague kwa kiwele cha mama yake.

Mama, nina jogoo kishingo. Nataka vifaranga vyote viwe vishingo kwa sababu ya joto la huku. Nimpandishe kwa tetea wa kawaida wangapi kumpima? – Mfugaji, Kilosa

Huhitaji hata mmoja. Kwa kishingo jeni haijifichi vizuri, kwa hiyo mwangalie shingo tu. Akiwa na kishada cha manyoya mbele, chini ya shingo, ana nakala moja. Shingo ikiwa tupu kabisa na nyekundu, nakala ni mbili, na huyo amepungukiwa karibu asilimia 40 ya manyoya ya mwili mzima, ndiyo maana anavumilia joto. Chagua jogoo wa shingo tupu. Kwa tetea wa kawaida vifaranga wake wote watakuwa vishingo wenye kishada.

Mama shikamoo. Nina miaka 26, naishi Dar es Salaam, natarajia kuolewa. Kaka yangu ana selimundu. Mimi mzima. Mchumba wangu pia mzima na hajawahi kupima. Mama yake anasema vipimo vinaleta mikosi, tuzae kwanza mtoto mmoja, akiwa mzima basi tujue hatuna tatizo. Nimechanganyikiwa. – Msomaji, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Nimeiweka barua yako kwenye ukurasa huu makusudi, maana mama mkwe wako bila kujua anapendekeza upandishaji wa kupima. Njia hiyo ni ya ndama na mahindi. Mtoto hazaliwi ili awe kipimo cha wazazi wake.

Na hata tukiacha utu pembeni, hesabu yenyewe inamkatalia. Kama ninyi wawili mmebeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa na tatu kati ya nne ya mtoto asiyeumwa. Mtoto wa kwanza akiwa mzima hajawasafisha. Hata watoto watatu wazima mfululizo hutokea kwa wazazi kama hao kwa zaidi ya asilimia 42. Wapo wazazi wengi waliozaa wawili au watatu wazima, wakajiona salama, na wa nne akaja na maumivu.

Kwa upande wako kuna jambo tunalolijua tayari. Kaka yako ana nakala mbili, basi baba na mama yenu kila mmoja amebeba moja. Wewe huumwi, kwa hiyo ile nafasi ya kuwa na mbili tunaiondoa. Zinabaki tatu zenye uzito sawa, na mbili kati yake ni za kubeba. Nafasi yako ya kuwa mbebaji ni mbili kati ya tatu. Si ndogo, na si aibu. Mbebaji ni mtu mzima wa afya, na nakala hiyo moja humkinga dhidi ya malaria kali, ndiyo sababu imeenea sana kwetu.

Damu kidogo mkononi inatoa jibu ambalo watoto watatu hawawezi kulitoa. Nendeni wote wawili. Ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kile cha kutumia umeme au kinachofanana nacho, ambacho huandika AA (asiyebeba), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa). Kile cha zamani cha kutazama tu kama chembe zinajikunja mundu hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, msiridhike nacho. Mchumba wako akiwa AA, hamtazaa mtoto mwenye SS, hata wewe ukiwa AS. Mkiwa AS wote wawili, kaeni na mshauri wa hospitali kabla ya kukaa na wazee. Uamuzi wa kuoana ni wenu, na mkioana mtajua kumpima mtoto akiwa mchanga, wakati matibabu yanasaidia zaidi.

Kwa mama mkwe, mwache mchumba wako azungumze naye mwenyewe. Ni mama yake.